Maiti Haulizwi Sanda: Nguo, Mifupa na Mipaka ya Usomaji

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuisoma nguo. Kanga, hasa, imekwisha kubaliwa kuwa ni matini kamili: ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani usemi uliochapwa ambao mvaaji huutumia kumjibu jirani, kumpiga kijembe mke mwenza au kumshukuru mama. Wahakiki wameonyesha kwamba maana ya usemi huo haitimii mpaka ijulikane ni nani aliyeivaa kanga, aliivaa siku gani na alipita mbele ya mlango wa nani. Kazi hiyo ni nzuri, na haina haja ya kurudiwa hapa. Ila imeiacha pembeni nguo moja ambayo haina pindo, haina mji wala jina, na ambayo mvaaji wake hapiti tena mbele ya mlango wa mtu. Nguo hiyo ni sanda.

Methali yasema kuwa maiti haulizwi sanda. Aghalabu methali hii hutumiwa kumhimiza mtu atoe msaada ulio dhahiri bila kungoja kuombwa. Lakini chini ya matumizi hayo limelala wazo lenye uzito wa sheria: sanda ni deni la walio hai. Maiti haulizwi kwa sababu jibu lake linajulikana. Haulizwi kama anataka kufunikwa, wala haulizwi nani amfunike. Wajibu huo umekwisha kugawanywa kabla yeye hajafa, na pwani hata vipande vya nguo vimehesabiwa, vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke. Sasa yatazamwe mabaki ya binadamu yaliyotiwa katika kabati la kioo la jumba la makumbusho. Hao nao hawakuulizwa. Tofauti ni kwamba, licha ya kutoulizwa, hawakupewa.

Katika miaka ya karibuni wasanii na jamii mbalimbali wamejaribu kulilipa deni hilo kwa nguo: kwa kufunika, kuvisha, kufuma na kutarizi. Wahakiki huzipokea kazi za namna hii kwa sifa nyingi na maswali machache, kwa kuwa nia yake ni njema na ni aibu kumsumbua mtu aliye katika matanga. Hata hivyo, nia si kigezo cha uhakiki. Swali linalopaswa kuulizwa ni gumu zaidi: je, nguo hiyo inafanya kazi ya sanda, au inafanya kazi ileile ya kabati la kioo kwa upole zaidi? Makala haya yanashikilia kwamba nguo ya kuwaenzi wafu walioonyeshwa hupimwa kwanza kwa kile inachokificha, na kwamba mhakiki aliyezoea kuisoma kanga hana budi kujifunza kusimama anapofika mbele ya nguo ya aina hii.

Neno na udongo

Mahali panapofaa kuanzia ni Kitale na Bungoma, kwa sababu huko sanaa kuu ya kuwaenzi wafu ni ya neno. Wabukusu wanao utanzu uitwao khuswala kumuse, hotuba inayotolewa baada ya maziko ya mzee mwenye hadhi. Msemaji wake, oswala kumuse, hasimami mahali pamoja kama mhubiri kwenye mimbari. Hutembea huku na huko mbele ya umati, fimbo mkononi, akitaja nasaba, akieleza njia walizopita wahenga, akikumbusha vita na njaa, akionya, akifariji, na mara nyingine akiwachekesha watu walioishiwa machozi. Makamu wa Rais Michael Kijana Wamalwa alipofariki London mwezi wa Agosti 2003 na kuletwa Kitale kuzikwa, John Wanyonyi Manguliechi ndiye aliyeswala kumuse. Hapo taifa zima lilipata kuusikia utanzu ambao hadi wakati huo ulikuwa ukijulikana zaidi katika vijiji vya Bungoma na Trans Nzoia na katika idara za fasihi. Chris Wasike, aliyezichunguza hotuba za Manguliechi, ameonyesha jinsi zinavyojengwa juu ya uanaume na mamlaka ya wazee, na ni kweli kwamba marehemu anayeswaliwa kumuse kwa desturi ni mwanamume. Mwanamke aliyezaa na kulea ukoo mzima huzikwa bila hotuba hiyo. Jambo hili litarejewa, kwani lina uhusiano na suala la nguo kuliko linavyoonekana.

Linaloshughulisha hapa kwanza ni mfuatano wa matendo. Kumuse huja baada ya maziko. Neno hupata ruhusa ya kufunua kwa sababu udongo umekwisha kufunika. Oswala kumuse anaweza kuyasema makosa ya ukoo hadharani, na hata ya marehemu mwenyewe, kwa kuwa mwili umeondolewa machoni pa watu. Kama mwili ungekuwa bado umelazwa pale wazi, hotuba ileile ingegeuka kuwa matusi. Kuficha na kusema ni matendo mawili yanayotegemeana, na kila moja lina zamu yake.

Isidhaniwe kwamba majirani wote wa eneo hilo walikuwa na desturi moja. Wanandi wa zamani, kama walivyoelezwa na Hollis mnamo 1909, hawakuwazika wafu wao wengi. Waliwalaza nje, wakawaachia fisi. Mgeni angeweza kuona kwamba hapo hapana heshima wala sanda. Lakini desturi hiyo nayo ilikuwa na kanuni ya macho. Maiti alipelekwa usiku na watu wachache, na hakuna aliyekwenda kutazama. Giza ndilo lililokuwa nguo yake. Kwa hiyo kigezo cha kuficha si cha Waislamu wa pwani peke yao wala cha wakulima wanaochimba makaburi; kinaonekana hata pale ambapo kitambaa hakipo.

Katikati ya mji huo wa Kitale pana jumba la makumbusho lenye asili ya namna nyingine. Lilianza mwaka 1926 kama mkusanyo wa mtu mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyekuwa na mapenzi makubwa kwa wadudu, ndege na vitabu. Alipofariki mwaka 1966 aliuachia umma mkusanyo huo pamoja na fedha za kujenga jengo, na makumbusho ya sasa yakafunguliwa Desemba 1974. Hakuna haja ya kumtukana Stoneham. Ila inafaa kuitazama mbinu ya mkusanya wadudu, kwa sababu ndiyo mbinu iliyotumiwa pia na wakusanya mafuvu wa zama zake: kiumbe hutolewa mahali pake, huchomwa pini mgongoni, mabawa hutandazwa ili kila doa lionekane, kisha hubandikwa karatasi ndogo yenye jina la Kilatini, mahali na tarehe. Kila kitu hufunuliwa, na kila kitu huandikwa. Kibandiko kile ni aina ya matini, na kwa kipepeo huenda hakina ubaya. Kikibandikwa juu ya fuvu la mtu, ni kumuse iliyopinduliwa: maneno machache juu ya mwili ulioachwa wazi, yakisema mahali alipookotwa bila kusema alikuwa mwana wa nani.

Kutoka Kitale kwenda Webuye, katika Bungoma, si mbali. Hapo ndipo penye kilima cha Chetambe, ambapo mwaka 1895 Wabukusu waliokimbilia ndani ya boma lao lenye handaki walishambuliwa na kikosi kilichoongozwa na C. W. Hobley. Wengi waliuawa. Mnamo 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwaongoza wafuasi wake kupanda kilima hicho ili kuwakumbuka waliokufa pale miaka zaidi ya 50 kabla. Serikali ya kikoloni ilikiona kitendo hicho kuwa uchochezi. Kwa jicho la uhakiki, kilikuwa ni jaribio la kuswala kumuse iliyochelewa nusu karne, na kwa watu ambao maziko yao hayakupata kufanywa kwa taratibu. Hilo ndilo lililokuwa gumu ndani yake. Neno lilikuwapo, umati ulikuwapo, kilima kilikuwapo. Kilichokosekana ni lile tendo la kwanza linalolipa neno ruhusa yake.

Furushi la Kibuuka

Miongoni mwa waliokisaidia kikosi cha Hobley walikuwamo Waganda. Ni mojawapo ya vijembe vya historia kwamba haukupita muda mrefu kabla ya mungu wa vita wa Waganda wenyewe kufunguliwa na kutandazwa mbele ya macho ya wageni. Habari zake zinafaa kukaliwa kwa utulivu, kwa sababu ndizo zinazoonyesha waziwazi zaidi, katika Afrika Mashariki, nguo inafanya nini juu ya mabaki ya mtu.

Kibuuka, kwa mujibu wa masimulizi, alitoka visiwa vya Ssese, ndugu yake Mukasa, akaja kumsaidia Kabaka Nakibinge katika vita dhidi ya Wanyoro. Aliruka mawinguni na kuwapiga maadui kutoka juu. Kisha akamchukua mwanamke wa Kinyoro aliyetekwa, akamfichulia siri ya wingu lake. Yule mwanamke akatoroka na kuwaeleza watu wake, na katika vita vilivyofuata wakaelekeza mishale juu. Akafa. Hekalu lake likajengwa Mbale ya Mawokota, ambayo isichanganywe na Mbale ya Bugisu iliyo jirani na Bungoma. Msomaji wa fasihi simulizi ataona mara moja kwamba kisa chenyewe ni kisa cha kufunuliwa: shujaa ana nguvu maadamu amefunikwa na wingu, naye hufa siku anapojulikana alipo.

Sanaa iliyoyahifadhi mabaki yake iliielewa fasihi hiyo barabara. Taya lake, kitovu chake na sehemu nyingine ya mwili ambayo heshima yataka isitajwe hapa, vilitiwa katika mifuko ya ngozi iliyorembwa kwa shanga, na yote yakafungwa ndani ya nguo ya magome ya mti, ambayo Waganda huiita olubugo. Shanga zile hazikushonwa kwa ajili ya mtazamaji. Zilishonwa kisha zikafungwa ndani ya nguo isiyo na nakshi. Kwa fundi wa leo anayefanya kazi kwa ajili ya maonyesho, jambo hili ni gumu kulielewa: kurembesha kwa bidii kitu ambacho hakuna atakayekiona. Uzuri wa furushi la Kibuuka ulikuwa umegeukia ndani.

Olubugo yenyewe si kitambaa cha kufumwa. Fundi huambua gome la mti uitwao mutuba, wa jamii ya mikuyu, akaliponda kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kuanzia mifereji mipana hadi myembamba, mpaka gome likawa laini na kutanuka mara kadhaa ya upana wake wa awali. Kisha huanikwa juani likageuka rangi ya udongo mwekundu. Mti hauuawi. Jeraha lake hufungwa kwa majani ya mgomba mpaka gome jipya liote, na mti mmoja huweza kutoa nguo kwa miaka mingi. UNESCO iliitambua kazi hii mwaka 2005, na maelezo mengi yaliyoandikwa tangu hapo husifu ukale wake. Lakini lile jani la mgomba ndilo linalostahili kuangaliwa. Kabla nguo haijamfunika maiti, fundi amekwisha kumfunika yule aliyemchukulia nguo. Hii ni sanaa ambayo hufunika mara mbili.

Hekalu la Mbale lilichomwa katika vita vya dini vya mwishoni mwa karne ya 19, na makuhani wakayaficha mabaki. Baadaye, kwa msaada wa Katikkiro Apolo Kaggwa, furushi likafika mikononi mwa mmisionari John Roscoe, naye akalipeleka kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1907 alichapisha maelezo yake katika jarida la *Man*. Roscoe alikuwa mtu wa bidii, na bila kazi yake mengi yasingalijulikana leo, pamoja na mengi ya yaliyoandikwa katika aya zilizotangulia. Lakini alichokifanya mbele ya furushi lile ndicho anachokifanya kila mhakiki: alilifungua, akaorodhesha yaliyomo, akaeleza maana ya kila sehemu. Alilisoma. Na kwa kulisoma aliliharibu, kwa kuwa lilikuwa ni utungo ambao maana yake nzima ilikuwa katika kutosomwa. Haitoshi kusema kwamba kosa lilikuwa la ukoloni. Ukoloni ulimpa nafasi. Mbinu ni ile tunayofundishana madarasani.

Mwaka 1962, Uganda ilipopata uhuru, mabaki ya Kibuuka yalirudishwa Kampala. Yalirudishwa kwa heshima, kama alama ya taifa jipya, na yakawekwa katika Makumbusho ya Uganda. Hapa ndipo pa kulitofautisha neno *kurudishwa* na neno *kufunikwa*. Mabaki yalibadilisha nchi, yakabadilisha mwenyewe na kibandiko. Hayakubadilisha hali. Mungu wa wingu alitoka chini ya kioo cha Waingereza akaingia chini ya kioo cha watu wake.

Ulinganisho ulio karibu upo Kasubi, kilima cha Kampala walipozikwa makabaka wanne, kuanzia Muteesa wa Kwanza hadi Muteesa wa Pili. Ndani ya nyumba kuu, pazia la nguo za magome lilitenga sehemu iitwayo kibira, yaani msitu, ambamo wafalme wanasemekana kuwa wamekwenda. Mgeni aliruhusiwa kukaa upande wa huku na kulitazama pazia. Kasubi iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ikapokea watalii kwa mamia, na bado pazia halikufunguliwa kwa ajili yao. Nyumba iliteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, na katika kilio kilichofuata hakuna aliyesikika akisikitika kwamba hakuwahi kuona kilichokuwa nyuma ya pazia. Pazia la Kasubi ni kazi ya nguo iliyofaulu kabisa kwa kigezo kinachopendekezwa hapa: lilionyeshwa lenyewe, na halikuonyesha.

Kanga juu ya chuma

Mfano wa pili unatoka kusini, nao umewahusu watunzi wa mashairi, wachongaji na wavaaji wa kanga kwa pamoja. Sarah Baartman, mwanamke wa Kikhoikhoi aliyetembezwa Uingereza na Ufaransa kama kioja, alifariki Paris mwaka 1815. Mwili wake ulipasuliwa, na mifupa yake pamoja na sehemu nyingine vikaonyeshwa katika makumbusho ya Paris hadi miaka ya 1970. Mnamo 1998 mshairi Diana Ferrus alimtungia shairi la kumwahidi kumrudisha nyumbani. Shairi hilo likasomwa katika Seneti ya Ufaransa wakati wa kuijadili sheria ya kumrejesha, na mwaka 2002 akarejeshwa. Kwa msomi wa fasihi hili ni tukio la nadra: shairi lililofanya kazi ya hati ya safari.

Lakini shairi halikuwa mwisho. Kabla ya maziko yaliyofanywa Hankey tarehe 9 Agosti 2002, ilifanyika Cape Town sherehe ya kumvisha. Mifupa iliyokuwa uchi kwa karibu karne mbili ilipewa nguo kabla ya kupewa kaburi. Waandaaji walifahamu kwamba kaburi peke yake halingetosha, kwa kuwa aliyevuliwa mbele ya watu hana budi kuvishwa mbele ya watu. Hapa sanda ilibidi iwe ya hadharani, na pengine ndiyo hali pekee ambamo sanda yaweza kuonyeshwa bila kujikana: inaonyeshwa ikivishwa, kisha inakwenda ardhini pamoja na mwenyewe.

Sasa itazamwe sanamu. Willie Bester alikuwa amekwisha kumchonga Baartman kwa vyuma chakavu mnamo 2000, na sanamu hiyo ikawekwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cape Town. Bester alikusudia kulaani. Vyuma vilivyounganishwa na kukazwa vinauonyesha ukatili waziwazi. Hata hivyo alimchonga uchi. Katika miaka ya harakati za wanafunzi, wanawake weusi wa chuo waliivisha sanamu hiyo kanga na kilemba. Mwaka 2018 mavazi hayo yakavuliwa, kwa hoja kwamba kazi ya msanii isiguswe, na ugomvi mkubwa ukazuka.

Hoja ya kuilinda kazi ya msanii si ya kupuuzwa. Mhakiki anayekubali kwamba yeyote aweza kuifunika kazi asiyoipenda hatakuwa na la kusema siku wenye nguvu watakapoanza kufunika. Lakini katika kisa hiki wale wanawake hawakuivunja sanamu wala kuipaka rangi. Waliijibu kwa utanzu mwingine. Bester alisema: tazameni alivyofanyiwa. Kanga ilisema: tumekwisha kutazama. Na inafaa kukumbuka kwamba kanga, nguo yenye kinywa kuliko nguo zote za pwani yetu, hapo haikutumiwa kwa jina lake. Ilitumiwa kama sanda, kwa upana wake tu. Wanawake ambao, kama wake wa wazee wa Bungoma, hawangepewa hotuba ya baada ya maziko, walitumia kitambaa kusema kile ambacho jukwaa halikuwapa nafasi ya kukisema. Kati ya sanamu na kanga, kazi iliyo bora zaidi ilikuwa kanga, ingawa haikuwa na sahihi ya msanii na bei yake ni ya sokoni.

Giza la ghala

Pingamizi kubwa dhidi ya yote haya linajulikana. Ikiwa kuficha ndiko heshima, basi watunza makumbusho wa Ulaya wamewaheshimu wafu wa Kiafrika kuliko mtu yeyote, maana wamewaficha ndani ya masanduku ghalani kwa zaidi ya miaka 100. Mjini Berlin, wakfu unaosimamia makumbusho ya Prussia ulianza mwaka 2017 kuchunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa kutoka Afrika Mashariki wakati wa utawala wa Wajerumani. Mengi yalitoka Rwanda, mengine Tanzania, na machache Kenya. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba vipimo vya vinasaba viliyaunganisha matatu na jamaa walio hai Kilimanjaro. Yalikuwa yamefichika. Je, yalikuwa yamefunikwa?

Jibu ni hapana, na sababu yake ndiyo inayokikamilisha kigezo. Sanduku la ghalani huficha bila kujua linamficha nani. Anayevika sanda anamjua anayemvika. Kwa hakika amemwosha kwanza. Namba iliyoandikwa kwa wino kwenye paji la fuvu huonyesha kwamba hata gizani mtu huyo hakuacha kuwa kitu cha kusomwa. Kwa hiyo nguo ya kuwaenzi wafu inadai mambo mawili kwa pamoja: ifiche mwili, na iwe imetanguliwa au kufuatwa na jina. Likikosekana la kwanza, ni kabati. Likikosekana la pili, ni ghala.

Kalenga, karibu na Iringa, mambo haya mawili yamegongana kwa namna ya ajabu. Fuvu la Mkwawa lilidaiwa katika kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa 1919, likatafutwa, na hatimaye Gavana Edward Twining akalichagua moja kati ya mafuvu mengi yaliyokuwa katika makumbusho ya Bremen, kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya jamaa zake. Lilikabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi tarehe 19 Juni 1954, na makumbusho ya hapo yakaliweka ndani ya kioo. Jina lipo, tena kubwa. Hotuba zimetolewa nyingi. Na kwa Wahehe kuonekana kwa fuvu ni ushahidi kwamba mtawala wao amerudi kweli. Mhakiki hawezi kuwaamuru wenye mfu namna ya kumtunza. Anachoweza kusema ni kwamba kioo cha Kalenga kinafanya kazi ya hati kuliko ya kaburi, na kwamba hati huhitajika pale ambapo neno la aliyeleta halikuaminika vya kutosha.

Pana swali la pembeni kuhusu mpaka wa deni. Mifupa ya kijana aliyevumbuliwa na Kamoya Kimeu huko Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, mwaka 1984, ina umri wa takriban miaka milioni moja na nusu, nayo ni fahari ya makumbusho ya Nairobi. Hakuna aliyependekeza afungwe sanda. Huenda ni kwa sababu hakuna ukoo unaoweza kumwita babu, au kwa sababu kila ukoo unaweza. Fasihi ya Kiswahili haijaligusa swali hilo, na lingemfaa mtunzi mwenye ujasiri.

Chetambe, kwa upande wake, haihusu miaka milioni. Ni suala la vizazi vinne au vitano. Mifupa ya waliokufa pale haikupelekwa kwenye kioo. Ilibaki katika udongo wa kilima, nayo taarifa za wakoloni zikahesabu vita bila kutaja watu. Msanii wa nguo atakayetaka kuwaenzi, awe wa Kitale au wa Bungoma, atakuta mbele yake vishawishi viwili. Cha kwanza ni kutarizi mafuvu na mikuki juu ya kitambaa kikubwa na kukitundika ukutani, ili wageni wapige picha. Cha pili ni kuandika juu ya kitambaa historia yote ya 1895, kana kwamba nguo ni kitabu. Vyote viwili vingekuwa kazi ya kibandiko. Kumuse inamwonyesha njia nyingine, ya kugawana kazi: nguo iwe tupu, ya kufunika, na majina yatajwe kwa mdomo na wazee wa koo waliobaki nayo, wa kiume na wa kike, kila ukoo kwa zamu yake. Kabla ya kununua uzi, basi, msanii huyo ana safari ya kufanya mlango kwa mlango, Webuye, Lumboka na Malakisi, kuuliza ni nani hakurudi nyumbani mwaka ule.